Kile Chumba Kina Masikio

Kwa vile rafiki yangu Ochi ameshaniigiza kwenye kikundi cha WhatsApp, ati niliimba nikipimwa masikio, na nimeona mpaka mashemeji wa Kakamega wanacheka, acheni mwenye stori aseme. Ochi ametia chumvi. Sikuimba.

Masikio yangu mnayajua. Ukigonga mabati ya masanduku pale Kamukunji tangu ujana, mtu akikuita sharti aje mbele. Mke wangu, Mama Njeri, ndiye aliyesema imetosha, baada ya yale ya harusi ya mpwa wangu ambayo leo hatuyagusi. Ochi akajitolea kunisindikiza nikapimwe. Huyu Ochi ananidai elfu nane tangu Pasaka, na nilikuwa nimemwapia kwamba sina hata ya supu.

Daktari wa masikio ni binti mpole, na upole huo ndio ulioniponza. Sauti ya chini, barakoa usoni, macho kwenye kompyuta. Mimi husoma midomo. Midomo ikifichwa nisome nini? Akasema jambo refu. "Ndiyo, daktari." Akainua kidude chenye kitufe, akasema jingine. "Sawa kabisa." Wenzangu wa masikio mazito, hiyo "sawa kabisa" mnaijua. Tunaitoa mapema ili mtu asije akarudia kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto.

Akaniingiza kwenye kichumba cha kuta za sponji, chenye kidirisha cha kioo. Hedifoni kichwani, kitufe mkononi, mlango mzito ukafungwa. Kimya. Nikajiambia kitufe hiki ni kama kengele ya basi, unabonyeza ukitaka kushuka. Na mimi nilikuwa sijafika.

Tii. Tii. Sikujali. Masikio yangu hulia yenyewe usiku na mchana, nikajua ni yale yale.

Sasa hapa twendeni polepole. Nilijua humu hakuna sauti inayotoka kwenda nje, nikaona ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya kupatana bei ya vifaa vya kusikia. Na mtu aliyezibwa masikio hajui anaongea kwa nguvu kiasi gani. Nikasafisha koo. "Daktari, mimi ni mtu wa jua kali, nina elfu ishirini tu." Haikukaa vizuri. Nikarudia, nikaongeza huzuni na kikohozi. Tii. "Ishirini, daktari, na watoto wako shule."

Kidirishani daktari alikuwa ameacha kuandika. Nikampungia mkono. Akanipungia.

"Akikataa, panda thelathini. Ile sitini ya chama usiitaje. Hiyo hata Ochi asiijue. Ochi angoje, ana duka, hatakufa njaa." Tiiii. "Na huyu binti naye angeongea kama mtu aliyekula, tungeelewana."

Nikainua macho. Mabega ya daktari yalikuwa yanatikisika. Nyuma yake, Ochi. Kumbe alikuwa ameitwa kutoka mapokezi aje kueleza kwa nini mgonjwa habonyezi chochote. Amesimama, mikono kiunoni, ananitazama. Kisha sauti ikaingia kwenye hedifoni, kubwa, safi, neno kwa neno: "Mzee, humo ndani kuna maikrofoni. Nakusikia. Na rafiki yako pia."

Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza.

Mengine mafupi. Alishusha barakoa, akaketi mbele yangu, akaniandikia kwenye karatasi: bonyeza kila ukisikia mlio, hata ukiwa hafifu. Akataka nimweleze nilichoelewa, si kuitikia tu. Tukapima upya. Kwenye grafu, duara nyekundu ni sikio la kulia, X za bluu la kushoto, na zote zinaporomoka karibu na hezi 4000, kwenye sauti nyembamba, ambako kelele za kazi huanzia kuharibu. Ndiyo maana mngurumo wa matatu naupata lakini "s" na "f" zinanipita. (Mama Njeri, unaona? Sikuwa nakupuuza. Si kila mara.)

Bei ilipofika, daktari hakuniuliza nina ngapi. Na Ochi alitumiwa elfu nane zake kwa M-Pesa pale pale kwenye ngazi, akadai na ya kutolea.