Gemu Limepata 70, Mnalia Nini?

Hivi jamani, 70 kwa 100 ya wahakiki imewakosea nini? Mtoto akileta 70 ya Hisabati nyumbani kuku anakamatwa. Gemu likipata 70, watu wanaliita takataka na hawajashika hata padi! Na Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, nao wamechangia: filamu inapata rangi ya kijani kuanzia 61, gemu mpaka lifike 75. Filamu yenye 65 inapeta, gemu lenye 65 hilohilo linapakwa njano.

Mzaha huu unagusa mifuko ya watu. Obsidian, kampuni iliyotengeneza gemu la Fallout: New Vegas mwaka 2010, waliahidiwa bonasi wakifika 85 pale Metacritic. Wakapata 84. Bonasi hakuna.

Halafu kuna kiki. Gemu la Cyberpunk 2077 lilitangazwa 2012, mwaka 2019 akapandishwa jukwaani mwigizaji Keanu Reeves, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Watu milioni 8 wakalipia kabla halijatoka. Faili la kupakua haliishi dukani, sasa mlikuwa mnawahi foleni ya nini? Wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu, na video walizoruhusiwa kuonyesha ni zile za kampuni. Alama zikawa karibu 90. Tarehe 10 Desemba 2020 mwenye PS4, mashine ya magemu ya Sony, anawasha, sura za watu hazijatokea, picha inakwama, mara gemu linajizima. Wiki moja tu Sony wakaliondoa kwenye duka lao la mtandaoni, likarudi Juni 2021. Ile 90 haikuwa uongo, ilikuwa ya mwenye kompyuta ya nguvu. Kwa hiyo kabla ya kutazama namba, tafuta mhakiki alichezea mashine gani. Asiposema, mpite.

Usidhani wachezaji wenzetu ni afadhali. Gemu la The Last of Us Part II lilitoka 19 Juni 2020. Kulimaliza ni zaidi ya saa 20, lakini sifuri za wachezaji zilimiminika Metacritic siku ileile, na wengine wakagawa kumi kumi ili kuwakomoa wa sifuri. Metacritic wakachoka, wakaweka kizuizi: gemu jipya, subiri saa 36 ndipo uandike.

Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, nako watu wanasoma alama vibaya. Asilimia 90 pale maana yake watu tisa kati ya kumi wamelipendekeza. Wote tisa wanaweza kuwa wameliona la kawaida tu. Gemu la kuendesha treni linanunuliwa na wapenda treni, unategemea nani alalamike? Angalia saa alizocheza mwandishi, zimeandikwa palepale, kisha anza na waliolikataa baada ya saa nyingi. Hao wanajua linapochosha.

Pesa yako Steam wanairudisha ukiomba ndani ya siku 14 na hujavuka saa mbili za kucheza. Saa mbili! Magemu mengine kwa muda huo bado yanakufundisha kuruka na kufungua kabati. Ruka hadithi, nenda kwenye vurugu, uone picha ikikwama. Ila ukimshauri mtu asilipie mapema, anakuuliza kama una wivu na kofia ya dhahabu ya mhusika wake, zawadi ya waliolipia mapema.