Mshahara Mnono, Mfuko Mkavu

Eti nina mshahara mzuri. Mzuri kwa nani? Kabla sijauona, kodi imeshaung'ata, pensheni imechukua chake, mkopo wa nyumba umefagia sakafu. Mimi nabaki kulitazama salio kama mfiwa.

Wataalamu wanasema: asilimia 50 mahitaji, 30 starehe, 20 akiba. Haya! Karo ya watoto niiweke fungu gani, starehe? Na gari linalosubiri tarehe 27 ndipo liharibike? Na ile huduma ya filamu ninayolipia kila mwezi bila kuitazama? (Huo ni uzembe wangu, nakubali.) Mshahara ukipanda ngazi moja, matumizi yanaruka tatu. Thubutu kulalamika sasa: "Wewe tena? Bosi mzima!"

Mabosi wenzangu, mko wapi? Nani ananikopesha hadi mwisho wa mwezi?