Faili za sesheni zikijaza seva, nani afagie?

Seva inagoma kuandika na kudai diski imejaa, ilhali df -h inaonyesha nafasi tele. Andika df -i: inodi, yaani nafasi za kusajili faili ambazo kila faili huchukua moja, zimekwisha. Kwa tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya PHP, mlaji mara nyingi ni faili za sess_, zinazotunza sesheni, yaani kumbukumbu ya muda ya kila mgeni wa tovuti. Hata yenye baiti 0 hushika inodi yake, na kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, idadi ya inodi hupangwa diski inapofomatiwa.

PHP ina ufagio wake. Kwa mipangilio yake ya asili, ombi 1 kati ya 100 huamsha usafishaji wa sesheni zilizopitisha sekunde 1440. Debian na Ubuntu, matoleo ya Linux, wameuzima, wakaweka kazi ya ratiba inayopita kila nusu saa. Wana sababu. Saraka ya /var/lib/php/sessions ina ruhusa 1733: PHP huunda faili humo bila kuweza kuziorodhesha, hivyo ufagio wake haungeziona. Jina la faili limebeba namba ya sesheni, kwa hiyo kwenye seva yenye wateja wengi, anayeliona anaweza kuingia akaunti ya mwenzake.

Wanaolalamika nao wana hoja. Ukibadilisha save_path (mahali pa kuhifadhi sesheni) ndani ya msimbo wa programu, kazi ile ya ratiba haina habari, na PHP imeshanyang'anywa ufagio. Faili zinarundikana miezi na miezi. Hata hivyo mimi niko na Debian: diski iliyojaa utaijua siku hiyohiyo, sesheni iliyoibwa huenda usiijue kamwe. Ukihamisha saraka, panga na usafi wake.

Wengine hukimbilia Redis, hifadhidata inayokaa kwenye RAM, ambako sesheni hujifuta muda ukiisha. Ni sawa, ila sasa unatumia RAM, na ikibana, kwa mipangilio fulani, watu hutolewa nje ghafla.

Ubishi huu wote hauligusi chimbuko: session_start(), amri ya kufungua sesheni, iliyowekwa juu ya kila ukurasa. Boti nyingi hazitunzi kuki, alama ambayo tovuti humtambulia mgeni, basi kila ombi lao huzaa faili mpya. Sesheni ifunguliwe mtu anapoingia au anapoweka kitu kikapuni, si kwa kila mpita njia.

Kwa rundo lililopo, rm sess_* itakataa kwa sababu orodha ni ndefu mno. Ingia kwenye saraka hiyo, kisha:

find . -name 'sess_*' -mmin +1440 -delete

Hiyo 1440 ni dakika, yaani siku nzima, si zile sekunde za PHP.