Shukrani mtu anafunzwa kwao au anazaliwa nayo?

Kila sikukuu ikifika hapa Unguja utasikia wazee wanalalamika watoto wa siku hizi hawana shukrani, mtoto anapewa mkono wa Idi anautizama kwanza ni shilingi ngapi ndo aseme ahsante, na mwengine hata hiyo ahsante haisemi. Lawama zote zinakwenda kwa mama, "hakumlea huyo".

Wanaosema ni malezi wana hoja nzito. Mtoto wa kwetu hajajua hata kutamka vizuri keshaambiwa pokea kwa mkono wa kulia, akenda chuoni kusoma Kurani anakutana na hadithi ya Mtume SAW kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na Sura Luqman aya ya 14 inamwambia amshukuru Mola wake na wazazi wake. Lakini mie nnaona kinachoingia zaidi ni anachokiona. Ramadhani jirani akileta sahani ya kaimati mama hairudishi tupu, anangoja mpaka na yeye apike kitu, hata kama ni vipande vitatu vya muhogo wa nazi, ndo anampa mtoto apeleke, na mtoto anaishika kwa mikono miwili isimwagike mchuzi. Hapo hakuna alomhubiria, ila keshajua wema wa mtu haukaliwi kimya.

Sasa upande wa pili. Mbona wapo walolelewa nyumba moja na mama mmoja, mmoja anamkumbuka kila alomshika mkono, mwengine kapata kazi Muscat hata simu ya mama hapokei? Na wapo walokulia kwenye kipigo na matusi wakawa watu wa shukrani khasa. Hata ukubwani mtu anajizoesha, mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti wao, wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kila wiki kwa wiki 10 mambo wanayoyashukuru, wakawa wanayaona maisha yao mazuri kuliko wenzao waloandika kero. Nnakubali, ila wiki 10 za daftari si sawa na miaka 15 ya kukaa nyumba moja na watu.

Na hapa ndo pananiuma, maana kuna malezi yanayoua shukrani yenyewe, nayo ni masimango. Watoto wengi kwetu wanalelewa kwa shangazi au kwa mama mdogo, mtoto anatoka Micheweni, Pemba, anakuja mjini kusoma skuli, siku kavunja gilasi anaambiwa "kama si mie ungekuwa unaokota karafuu huko mpaka leo", mbele ya wageni. Mtoto yule atasema ahsante kila siku lakini ni ahsante ya khofu, akipata pake harudi tena nyumba ile, na watu watasema hana fadhila. Wakati Sura Al-Baqara aya ya 264 imekataza wazi kuharibu sadaka kwa masimbulizi.

Lakini tumtizame na huyo shangazi. Kamlisha mtoto wa watu miaka, kamnunulia yunifomu na madaftari, kwa mshahara ule ule anaolishia wanawe, na wazee wa mtoto hawajawahi hata kupiga simu kumwambia ahsante dada. Sisemi yuko sawa, mtoto hakuchagua kuletwa pale. Ila simango mara nyingi linamtoka mtu alochoka ambaye hakuna anayemuona, na mtoto ndo wa karibu wa kumwagiwa.

Kwa hivo mie lawama ningeanza kuzipeleka kwa wazazi walioko shamba kabla ya mtoto. Wakija mjini na kikapu cha maembe na mbatata, wakakaa na shangazi, wakamshukuru na mtoto anasikia, shangazi anapungukiwa na uchungu, na mtoto anajua deni lile wazee wake wanalitambua na si lake peke yake.