Kipimo cha Ujerumani hakijui ukoka wa kwetu

Wengi wetu Waafrika Mashariki tulioko Ujerumani tunaamini karatasi ya maabara kuliko pua zetu wenyewe. Kwenye mafua ya aleji, imani hiyo inatuponza.

Kipimo cha ngozi chenyewe ni kizuri. Upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, huwekwa matone ya chavua, utitiri wa vumbi, paka na kuvu, kisha kila tone huchomwa kidogo. Kuna matone mengine mawili ya kulinganisha: histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe wa aleji, ambayo lazima ivimbishe, na maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimbisha. Baada ya dakika 15 hadi 20 vivimbe hupimwa. Kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ni chanya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo mwombe mpimaji apapase kwa kidole na kuzungushia kalamu. Ukimeza dawa za aleji kama setirizini au loratadini ndani ya wiki moja kabla, hata histamini inaweza isivimbe, na hapo kipimo kizima hakina maana. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani haiharibu kitu.

Shida ni orodha ya matone. Imepangwa kwa mazingira ya huku: mti wa Birke unaomwaga chavua kuanzia Machi hadi Mei, nyasi za Mei hadi Julai. Ukoka wetu ni wa ukoo mwingine wa nyasi, na anayeudhiwa nao anaweza asivimbe kwa nyasi za Ulaya. Mende na Blomia tropicalis, utitiri wa nchi za joto, mara nyingi hawamo. Basi mtu anayepiga chafya kila akishuka Mombasa au Dar es Salaam anaambiwa hana aleji, wakati vitu vinavyomsumbua havikupimwa. Taja vitu hivyo mwenyewe, uombe viongezwe au vipimwe kwa damu, yaani IgE (kingamwili ya aleji) ya kila kimoja. IgE ya jumla isikutishe wala isikuridhishe: minyoo nayo huipandisha.

Nyumbani, daktari mzuri huanza na maswali, na hapo ninamsifu bila kusita. Pua inawasha? Kamasi ni jepesi kama maji? Hakuna homa? Linakuja ukifagia, au ukilala kwenye godoro kuukuu? Pwani hakuna msimu wa kungojea. Utitiri hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu upo mwaka mzima. Kuanika godoro kwenye jua kali kunawakausha. Shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60.

Ila kwetu kuna kosa linaloniuma: kila pua iliyoziba inaitwa sainasi, na duka la dawa linatoa amoksilini, antibiotiki isiyogusa aleji hata kidogo. Baya zaidi ni matone ya kuzibua pua ya zailometazolini yanayotumiwa miezi. Yakipita wiki moja, pua huzoea na huziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, mtu akaongeza tone, ikaziba tena. Anayehitaji dawa ya kila siku ampate daktari amwandikie steroidi ya puani: inamisha kichwa mbele kidogo, puliza tundu la kushoto kwa mkono wa kulia, ukielekeza nje, mbali na ukuta wa kati, ambao ukipigwa kila siku hutoka damu. Nguvu yake kamili huchukua hadi wiki mbili, na wengi huitupa siku ya tatu.