Mtoa Ardhi Ana Haki Yake, Lakini Haki Hiyo Si Nafasi ya Kazi

Zahanati nyingi za vijijini nchini Kenya zilianza pale mzee fulani alipokata ekari moja au mbili za shamba lake na kuikabidhi jamii mbele ya chifu. Mara nyingi hapakuwa na malipo wala maandishi, ila ahadi ya mdomo kwamba watoto wake hawatasahauliwa. Baadaye kituo hupanuliwa, watumishi huajiriwa, na ikionekana kwamba mlinzi mpya ametoka wadi nyingine, lango hufungwa kwa kufuli na familia hudai shamba lake.

Siwakejeli watu hao, kwa kuwa hasira yao ina msingi kuliko wakuu wanavyokubali. Ninachokataa ni namna deni hilo linavyolipwa. Serikali iliyopaswa kununua ardhi hulipa kwa ajira, ambayo si mali yake kuigawa, na anayegharimika hasa ni kijana wa jirani aliyesoma, akajaza fomu na kusafiri hadi kwenye usaili bila kujua kwamba nafasi ile ilikwisha kutolewa kabla hajazaliwa.

Ibara ya 232 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja ushindani wa haki na sifa za mwombaji kuwa msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma, na inazibana serikali ya kitaifa na za kaunti sawasawa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 66, inaitaka bodi ya utumishi wa umma itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo; na kifungu cha 65 kinaitaka izingatie haja ya kuhakikisha kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zinakwenda kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi katika kaunti. Nafasi hizo za chini, za ulinzi, usafi na upishi, ndizo hasa zinazodaiwa na familia za watoa ardhi. Ahadi ya zamani inagongana na sheria palepale ambapo wengi hudhani haina madhara.

Isitoshe, shamba lililokatwa mara nyingi ni la ukoo, na hati, kama ipo, bado ina jina la babu. Ni mjukuu yupi atakayepewa kazi? Binti aliyeolewa anahesabiwa? Na aliyeajiriwa akistaafu, je, nafasi inarithiwa? Ajira iliyokusudiwa kuwatuliza ndugu huishia kuwagombanisha.

Ardhi ilipwe kama ardhi. Ibara ya 40 ya Katiba inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka pale mali ya mtu inapotwaliwa kwa matumizi ya umma. Kwa viwanja vilivyotolewa zamani kwa ahadi, kaunti zikae na familia, vipimwe na kuthaminiwa, makubaliano yaandikwe, na pesa zitoke katika bajeti inayopitishwa na bunge la kaunti, ambako kila mtu anaweza kuona kiasi.

Sisemi kwamba ukaribu hauna uzito. Wakati wa ujenzi ni haki vibarua watoke kijijini, na mlinzi wa usiku anayeishi jirani ana manufaa yake. Lakini sharti la ukaazi, likihitajika, liandikwe katika tangazo na liwahusu vijana wote wa eneo hilo, wakiwemo wajukuu wa mzee, ambao hakuna anayewazuia kuomba. Wauguzi na maafisa wa kliniki ni suala jingine kabisa. Mgonjwa hatibiwi kwa historia ya kiwanja.

Ahadi mpya, hata hivyo, zinaendelea kutolewa katika mabaraza. Mwakilishi wadi anayewaahidi wazee ajira ili wakubali kuachia kiwanja anaahidi kitu ambacho sheria imeikabidhi bodi, si yeye, na wazee wana haki ya kumtaka aseme hivyo waziwazi kabla hawajatia sahihi chochote.