Mbio Zenyewe Zinaanza Saa Ngapi?

Goti lilianza kuniuma. Badala ya kulipumzisha, nikakesha na simu nikitazama video za watu wanaofundisha kukimbia. Kufika saa saba usiku nilishajua kwamba maisha yangu yote nimekimbia ovyo: natua kwa kisigino, kosa ambalo kwa maelezo ya vijana wale ni kubwa kuliko kuruka deni.

Asubuhi nikaingia barabarani na masharti kichwani kama mgonjwa wa mganga. Shingo wima. Mabega yashuke. Viwiko nyuzi 90. Viganja vilegee kana kwamba umeshika mayai mabichi. Mwili uinamie mbele, lakini kuanzia kwenye vifundo vya miguu, si kiunoni. Kisigino kisiguse chini hata kwa bahati mbaya. Na hatua ziwe 180 kwa dakika, kwa kuwa kocha Mmarekani Jack Daniels alizihesabu za wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akakuta karibu wote wanafika hapo au wanapita. Nikawasha mapigo kwenye simu: tik, tik, tik. Viatu nikaviacha mlangoni, maana Mwethiopia Abebe Bikila alishinda maratoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Kwamba Bikila alizoea lami na mimi nimezoea zulia, halikunipitia akilini.

Basi nikawa nadonoa lami kwa ncha za vidole, vihatua vidogo vidogo, mayai yangu ya hewani mikononi, simu ikigonga mfukoni. Moyoni najiona swala. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na fimbo akanifikia, akaitazama miguu yangu kwa huruma.

"Kijana, umekanyaga mwiba?"

"Hapana mzee, nafanya mazoezi ya mbio."

"Ahaa." Akaenda sambamba nami kidogo, akiwaza. "Na mbio zenyewe zinaanza saa ngapi?"

Akanipita.

Kwa uchungu nikakumbuka kuinama. Nikainama kutoka kwenye vifundo, nikaongeza, nikaongeza tena, hadi nikapata jibu la swali ambalo hakuna video iliyoligusa: mwisho wa kuinama ni wapi. Mwisho wake ni ndani ya ua wa jirani, kichwa kikitangulia. Simu haikujali: tik, tik, tik.

Lakini mikwaruzo si kitu. Kesho yake vigimbi viligeuka mawe. Kushuka ngazi niligundua kunawezekana kinyumenyume tu, mikono yote miwili kwenye reli. Mke wangu akasimama chini na kikombe chake.

"Baba watoto, unashuka ngazi au unaingia kisimani?"

Siku ya tatu kano ya kisigino nayo ikawa inauma kila nikitoka kitandani. Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo nikamsimulia yote, hadi mayai. Alijitahidi asicheke, akashindwa kwenye mayai.

Akanieleza kwamba kutua kwa ncha ya mguu hakuondoi mzigo, kunauhamisha tu: goti linapata nafuu, kigimbi na kano ya kisigino vinabebeshwa. Mwili unataka wiki nyingi kuzoea, mimi niliupa usiku mmoja. Kisigino chenyewe hakikuwa mshtakiwa. Shida ilikuwa kwamba mguu wangu unatua mbali mbele ya mwili, kila hatua napiga breki. Akaniambia nihesabu hatua zangu, zilikuwa 152. "Ongeza asilimia 5 tu," akasema. "Hizo 180 ni za watu wanaowania medali."

"Na shingo?"

"Emil Zátopek, yule mkimbiaji wa Chekoslovakia, alikimbia kichwa kikiyumba, uso umejikunja kama anakabwa. Helsinki 1952 akabeba dhahabu ya mita 5,000, ya 10,000 na ya maratoni. Shingo yako iache."

Baada ya mapumziko nikarudi barabarani taratibu, na viatu, hatua 160, mikono bila mayai. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga lami.

"Naona mwiba umetoka," akasema mzee.

"Umetoka, mzee."

"Alhamdulillahi." Akanipita tena.